Trakta itakuja, lakini nani atashika maji?

Maneno ya mwenzetu mmoja kwenye kikao cha vijana, Kadutu, Bukavu. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumefupisha mahali kidogo tu.

Wenye wako nyuma, munanisikia? Sawa, tuanze.

Waliponiomba niseme juu ya mashamba, rafiki mmoja aliniuliza: «Sisi ni watoto wa mji, utatuletea stori ya jembe?» Namjibu hapa mbele ya wote. Nani kati yenu alikula mchele wiki hii? Inueni mikono. Munaona? Karibu wote. Sasa nani anajua ule mchele ulilimwa wapi? Mikono imeshuka.

Mama yangu anauza mchele sokoni tangu sijaanza shule. Nimebeba yale magunia kwa bega langu. Mengi yameandikwa Pakistan, India, Thailand. Mengine yanatoka Tanzania. Sina shida na watu wa huko, wamefanya kazi yao. Lakini ukishuka barabara ya Ngomo, ukatokea Kamanyola, unaona mbele yako uwanda wa Ruzizi, ile tunaita plene, umenyooka mpaka Uvira. Jua liko. Udongo uko. Mito inateremka kutoka milimani kila siku. Halafu sisi, wenye tunaangalia ile plene kutoka juu, tunakula mchele uliovuka bahari. Ni juu ya hiyo nimekuja kusema.

Mimi ni injenia wa kilimo. Ni hivyo karatasi inasema. Miaka mitano ya chuo, na huu ni mwaka wa pili niko shomeri. Dosie nimeweka kila mahali. Mwaka jana mama aliniambia: «We mutoto, kuliko kulala hapa nyumbani, shuka kwa mama yako mudogo, umusaidie.» Nikashuka. Nikakaa msimu mzima kwenye mashamba ya mpunga. Nitawaambia mambo matatu niliyoyaona kule, halafu nitawaambia sisi vijana wa mji yanatuhusu namna gani.

La kwanza ni mashini.

Siku nilipofika, kulikuwa kikundi cha wamama kumi na wawili, wanalimia watu kwa siku. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Wanaingia kwenye tope saa kumi na mbili asubuhi, wanatoka saa nane. Malipo ya siku moja hayanunui kilo mbili za mchele wanaoulima wenyewe. Mimi niliingia nao na jembe, nikijifanya kijana wa nguvu. Siku ya tatu sikuamka. Munacheka, lakini wale wamama wanafanya hivyo tangu wasichana, na mtoto mgongoni.

Halafu ikaja mashini ya mfanyabiashara mmoja, ile ndogo ya magurudumu mawili ya chuma, motokilteri, mtu anatembea nyuma yake. Shamba ambalo wale wamama walikuwa wanalilima siku nne, mashini ililimaliza kutwa moja. Mimi nikafurahi. Nilisema: ndiyo hii tulisoma, ndiyo kilimo cha kisasa! Nikageuka kumwangalia mama mdogo. Hakuwa anafurahi. Aliniambia neno moja ambalo sijasahau: «Ile mashini imetutosha jembe mu mikono, lakini haikuweka kitu ku sahani.»

Mwezi uliofuata nikaelewa. Kwa sababu kulima kumekuwa rahisi, wenye pesa waliongeza mashamba. Mtu aliyekuwa na kipande kimoja akakodi vitatu. Sasa ile mashini inalima tu. Haipandikizi miche. Haipalilii. Haifukuzi ndege. Hiyo kazi yote ilibaki ya mikono, tena ikaongezeka mara tatu, kwa malipo yale yale ya zamani. Wanaume wawili walipata kazi ya kuendesha mashini. Wamama kumi na wawili walipoteza siku zao za kulima, wakarudishiwa kupalilia, mgongo umepinda, majani kila mahali. Mashini haikuondoa uchovu. Ilibadilisha tu nani anachoka na nani anashika pesa.

Msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye jembe. Mtu anayesifu jembe hajalishika. Mimi nataka mashini, mama mdogo pia anazitaka. Aliniuliza swali ambalo maprofesa wangu hawakuniuliza hata siku moja: kwa nini sisi kumi na wawili tusiwe na yetu? Hakuna mtu aliyewahi kuja kuwauliza.

La pili ni maji.

Wengi hapa tunajua taabu ya maji. Munaamka saa tisa usiku na mabidoni, munapanga foleni. Sasa sikieni hesabu ya mpunga. Ukitaka maji ya sentimita 10 tu juu ya hektari moja, hiyo ni litre milioni moja. Ni bidoni 50,000 za litre 20. Kwa kujaza mara moja! Na mpunga unaomba maji tena na tena mpaka karibu na kuvuna. Hakuna mtu atabeba hayo kichwani. Pompi ya mazutu inaweza, lakini mazutu yatakula mavuno. Pompi ya jua ni nzuri kwa bustani ya nyanya na vitunguu, ukiwa na mipira ya matone inayoweka maji kwenye shina la mmea. Kwa mpunga wa plene yote, njia ya bei nafuu ni ile ya zamani: unafunga mto pale juu, unafungua mlango wa maji, yanateremka yenyewe ndani ya mfereji mkubwa, yanaingia mifereji midogo, mpaka shamba la mwisho. Maji hayaombi mshahara. Yanaomba tu njia iwe wazi.

Na njia haiko wazi. Mito yetu inateremka na mchanga, kwa sababu milima tumeikata miti. Mvua moja kubwa, mfereji umejaa. Kama haufukuliwi kila msimu, baada ya miaka michache unakuwa njia ya mbuzi. Pale nilipokuwa, walio karibu na mlango wa maji walikuwa na mpunga wa kijani. Walio mwisho walikuwa na udongo uliopasuka. Mama mdogo yuko mwisho. Usiku tulikuwa tunatoka na tochi kuchunga maji, kwa sababu mtu wa juu anaweza kufunga wakati umelala. Nimeona wanaume wawili, majirani, wanainuliana panga kwa sababu ya maji yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu. Asubuhi wanasalimiana kanisani.

Na kuna kitu kingine ambacho hakionekani haraka. Maji yanayoingia lazima yapate pa kutokea. Yakikaa, jua linayakausha, na kile kilichokuwa ndani yake kinabaki: chumvi. Sehemu nyingi za plene zina udongo wa chumvi tayari. Ukimwagilia bila mfereji wa kutoa maji, baada ya muda unaona weupe juu ya udongo kama unga. Hapo hata trakta ya bei gani haikusaidii. Nilimwonyesha mzee mmoja, nikamweleza vizuri jinsi nilivyosoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: «Tunajua, mutoto wangu. Tulikuwa na mutu wa kuchunga ile mifereji. Walikomesha kumulipa.»

Hiyo ndiyo siri yote ya kumwagilia, ndugu zangu. Saruji inajengwa mara moja, siku ya kukata utepe, na wakubwa wanapiga picha. Lakini mfereji unaishi kwa mtu mmoja mwenye pauni na buti, anayelipwa kila mwezi. Ukimwondoa huyo, umevunja mfereji.

La tatu ni aibu yangu mwenyewe.

Karibu na pale kuna ofisi moja, sitasema ipi. Uani kuna trakta kubwa, nyekundu, imesimama. Majani yamepita kwenye magurudumu, kuku wanataga chini ya kiti. Nikauliza: ina ugonjwa gani? Wakasema ni filtri ya mazutu, na pyese moja ndogo ya pompi. Ziliombwa, hazikuja. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mlinzi alipojua nimesoma kilimo, akashangilia: «Injenia amefika! Ingia, injenia, utuponyeshee!»

Ndugu zangu, nilipanda kwenye ile trakta na sikujua mkono wangu uanzie wapi. Miaka mitano, sikuwahi kukaa juu ya trakta. Tulichora trakta kwenye ubao. Tulinakili sehemu zake kwenye daftari, tukazishika kwa kichwa, tukafaulu mtihani. Nilishuka, nikasema nitarudi. Aliyeifungua kesho yake ni kijana wa umri wangu, mekanisie wa pikipiki, hakumaliza sekondari. Ndani ya saa moja alionyesha tatizo. Akasema: «Nipeni pyese, kesho inalima.» Pyese haikuja, na yule kijana amerudi kwa pikipiki zake.

Fikirini vizuri. Nchi ina trakta isiyotembea, ina injenia asiyejua kuitembeza, ina mekanisie anayejua lakini hakuna anayemlipa, na ina wamama wanaolima kwa mikono mita mia tatu kutoka hapo. Vyote viko. Kinachokosekana ni kimoja tu: mtu wa kuulizwa. Hakuna anayejibu.

Sasa tuone kwamba hii si ajali. Iko na historia.

Wakati wa Wabelgiji, kuanzia mwaka wa 1917, sheria iliwalazimisha mababu zetu kulima mazao ambayo koloni ilitaka, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia zikapandishwa mpaka 120. Ukikataa, jela na fimbo. Kwenye plene ya Ruzizi walilima pamba, na mifereji ilichimbwa kwa mikono yao. Pamba ilikuwa ya nani? Munajua jibu. Halafu tukapata uhuru. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1973, Mobutu akatangaza kwamba mashamba makubwa na maduka ya wageni yanapewa Wazairwa. Wazairwa gani? Wenye walikuwa karibu na mkubwa. Wengi wao waliuza mashini, wakala, wakaacha shamba likawa pori. Na raia? Raia walipewa salongo.

Halafu karibu na sisi, mwaka wa 2014, Bukanga-Lonzo. Wenye walikuwa bado sekondari, mnakumbuka ile picha kwenye televisheni: trakta mpya zimepangwa mstari. Hektari 80,000, karibu kilomita 250 kutoka Kinshasa. Walituambia Congo itaacha kununua unga inje, na parke kama hiyo zitafika kila mahali. Ndani ya miaka mitatu shirika la Afrika Kusini lililoendesha kazi likaondoka, likisema halilipwi. Mashini zikabaki kwenye majani. Mwaka wa 2020 wakaguzi wa fedha wa serikali wenyewe, IGF, wakasema kwamba kwa dola milioni 285 zilizotolewa, milioni 205 zilipotea njiani. Kesi imefika mpaka Korti ya Katiba.

Angalieni mfano ni uleule kutoka 1917 mpaka leo. Wakubwa wanaamua juu, mashini au amri inashuka, raia anaitwa kutoa mikono, halafu hesabu haionyeshwi. Siku moja ni fimbo, siku nyingine ni trakta. Lakini swali halijabadilika: nani aliamua, na nani anaonyeshwa hesabu?

Najua wengine munataka kuniambia: «Wewe, iko vita. Utalima namna gani kama watu wanakimbia?» Ni kweli. Mtu hawezi kupalilia huku anasikiliza risasi. Nimeona mashamba yenye mpunga umeiva, wenyewe wamekimbia, na ndege ndio walivuna. Sitadharau hilo hata kidogo. Lakini ule mchanga ndani ya mfereji haukuwekwa na bunduki. Ile filtri ya mazutu haikuibwa na waasi. Tusikubali vita iwe shuka ya kufunika kila uvivu na kila wizi. Tena niwaambie: vijana niliokaa nao kule, mtu akija usiku kuwapa bunduki na kuwaahidi chakula, jibu lao linategemea kama asubuhi kuna kazi. Kijana mwenye maji kwenye shamba lake ana sababu ya kukataa.

Sasa sisi, tunafanya nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006 inasema, kipengele cha 36, kazi ni haki, na dola linahakikisha raia analindwa na ukosefu wa kazi, na analipwa kwa haki. Kipengele cha 47 kinatuhakikishia usalama wa chakula. Kipengele cha 24 kinatupa haki ya kupewa habari. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka wa 2011 ilisema kuwe na mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Na huko Maputo mwaka wa 2003, nchi za Afrika ziliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Hatuombi zawadi, ndugu zangu. Tunaomba kile kilichoandikwa tayari.

Tunaomba mambo manne.

Moja: trakta yoyote inayonunuliwa kwa pesa ya raia, bei yake itangazwe, pamoja na bei ya pyese, ya mazutu, na ya dereva kwa miaka mitano. Kama hakuna pesa ya pyese, msitununulie trakta. Mtununulie motokilteri ndogo ambazo mekanisie wa pikipiki anaweza kufungua, na vikundi vya wamama viwe vya kwanza kuzipata.

Mbili: kila mfereji uwe na komite iliyochaguliwa na wenye kulima. Watu wa mwisho wa mfereji wakae ndani, si wa juu peke yao. Wamama wakae ndani, tena kwenye kushika keshi. Zamu ya maji iandikwe na ibandikwe mahali watu wanapita. Na mchunga maji alipwe.

Tatu: anayelimia mtu kwa siku apewe karatasi. Hata kama ni kipande cha daftari: siku ngapi, kazi gani, malipo gani. Mashini ikiingia, wamama wa kupalilia wasiachwe kwa bei ya zamani.

Nne, hii ni ya vyuo vyetu. Asitoke injenia ambaye hajawahi kufungua trakta wala kulala kando ya mfereji. Na yule mekanisie asiye na diploma aitwe darasani atufundishe. Mimi nitakaa benchi ya mbele.

Shamba la kisasa halitatupa sisi wote kazi ya jembe, tusidanganyane. Mikono ya kulima itapungua. Lakini litahitaji watu wa kupima ardhi, wa kugawa maji, wa kutengeneza pompi, wa kutunza hesabu ya kikundi, wa kukausha na kupakia mchele uandikwe jina la Luberizi au Sange, si la inchi ya mbali. Hizo kazi ni zetu. Tusipozidai sasa, watazileta pamoja na mashini, na wenyewe wa kuzifanya.

Ndiyo maana sitaki kikao hiki kiishe kwa kupiga makofi. Natafuta watu kumi. Nataka mwenye anajua kupiga picha, mwenye anajua hesabu, mwenye anajua mashini, na wadada wasipungue watano, kwa sababu kuna mambo wamama wa kule hawataniambia mimi. Tutashuka. Tutafuata mfereji mmoja kwa miguu, kutoka kwenye mto mpaka shamba la mwisho. Tutaandika: hapa umejaa mchanga, hapa mlango umevunjika, hapa maji yanaishia. Tutawasomea wenye kulima kwanza, watusahihishe. Halafu tutapeleka kwenye ofisi inayohusika, kwa amani, na barua yenye tarehe ya kupokelewa. Tutarudi kila mwezi kuomba jibu. Wakichoka kutuona, ndipo tutajua kazi imeanza.

Mama mdogo alinitumia ujumbe jana. Maji hayajafika mwisho wa mfereji, na miche imeanza kuwa ya manjano. Anauliza nitarudi lini. Nataka nimjibu leo jioni kwamba sirudi peke yangu.

Karatasi ya majina iko pale kwa mlango.